Mgomba Unanyauka Malindi: Kutafuta Chanzo Kuanzia Jani Hadi Jeni

Migomba ya Kakuyuni, Jilore au kandokando ya mto Sabaki ikianza kuwa manjano, kila mtu huwa na jibu lake. Huyu husema ni jua la kaskazi, yule hulaumu chumvi ya kisima, mwingine huapa kwamba ni fukusi, na jirani huja na chupa ya dawa aliyouziwa sokoni. Kila mmoja wao huenda aliwahi kusema kweli, shambani kwake, msimu fulani. Lakini mnyauko fuzari, ugonjwa unaoletwa na kuvu ya udongoni iitwayo *Fusarium oxysporum* f. sp. *cubense*, hujificha nyuma ya sababu zote hizo, na anayeugundua kwa kuchelewa hupoteza shamba zima la ndizi za kisukari.

Mwongozo huu ni wa mkulima mwenye mgomba unaonyauka sasa hivi, na pia wa mwanafunzi wa baiolojia anayetaka kujua ndani ya mgomba huo kunatendeka nini. Wote wawili wanahitaji kuelewa jambo moja: dalili inayoonekana leo ni mwisho wa kazi iliyoanza wiki au miezi mingi nyuma, mizizini, pale kuvu ilipowasha jeni ambazo udongoni huwa zimezimwa. Asiyelijua hilo atanyunyizia majani dawa ilhali ugonjwa umo kwenye mishipa ya maji, na atachimbua chipukizi la kupanda kutoka kwenye shina lililokwisha kuambukizwa.

Majani ya chini yana manjano

Jiulize kwanza manjano yameanzia wapi, na kama ni mgomba mmoja mmoja au ni shamba zima.

Fuzari huanza kwenye majani makongwe, pembezoni. Manjano huingia kuelekea mshipa wa katikati, kisha hupanda kwenye majani ya juu. Kikonyo cha jani hukunjika karibu na shina, jani likaning'inia, na mengine yakifuata, shina huzungukwa na majani makavu yaliyolala kulielekea. Jani jipya la katikati hubaki limesimama, kijani, karibu hadi mwisho. Kuna wakati majani hayawi manjano kabisa bali hukunjika yakiwa bado kijani, na hapo ndipo wengi hudhani ni upepo. Ukiinama chini, mara nyingi utaona maganda ya nje ya shina yamepasuka kwa urefu karibu na ardhi. Ufa huo uuchukulie kwa uzito sana.

Upungufu wa potasiamu nao huanza na majani makongwe, na ndio unaofanana zaidi na fuzari kwa mbali. Jani hugeuka rangi ya chungwa kuanzia ncha, hujikunja kwa ndani na kukauka haraka. Ila huonekana kwa migomba mingi kwa pamoja, hasa kwenye mchanga mwepesi ambao mvua ya masika imeushusha virutubisho. Chumvi huunguza kingo za jani zikawa kahawia, na huifika migomba yote inayokunywa maji ya kisima kimoja. Anayelima karibu na pwani, Malindi au Lamu, aonje maji yake kabla ya kulaumu ugonjwa. Kiu hulegeza majani mchana yakapata nguvu usiku. Nitrojeni ikipungua, mgomba mzima hupauka. Sigatoka nyeusi, ugonjwa wa majani, huleta michirizi na madoa juu ya jani lenyewe.

Fuzari haina mpangilio huo wa shamba zima. Huanza na mgomba mmoja hapa, mwingine kule, kisha jirani zake, na mara nyingi hufuata mkondo wa maji au njia ya jembe. Ukiona manjano yameteremka na mfereji, acha kuhesabu magunia ya mbolea. Shika panga.

Kata, uangalie ndani

Hapa ndipo ukweli ulipo, na hapahitaji maabara. Chagua mgomba ulioonyesha dalili waziwazi, si ule uliokauka kabisa, kwa sababu uliooza huvamiwa na vimelea vingine na kukuchanganya. Kata shina kwa mlalo karibu na ardhi, kisha pasua kipande chake kwa urefu. Kata pia tunguu, yaani kile kisiki cha chini mizizi inapotokea.

Mgomba wenye fuzari una nyuzi za rangi kuanzia njano hadi wekundu wa kahawia, kama udongo wa korongo la Marafa, zinazopanda ndani ya maganda ya shina. Kwenye tunguu utaona vitone au duara la rangi hiyohiyo. Hiyo ndiyo mishipa ya maji, na imeziba. Shina likiwa jeupe na safi kutoka nje hadi katikati, rudi kwenye maji, mbolea na chumvi.

Ukikuta mahandaki yenye unga mweusi kwenye tunguu, huyo ni fukusi. Mgomba wake huanguka na upepo mdogo kwa sababu ameshaula msingi. Mgomba ukianguka na mizizi yake ikiwa mifupi, myeusi na imeoza, shuku minyoo midogo ya mizizi, nematodi. Fukusi na nematodi wanaweza kuwamo pamoja na fuzari, kwa hiyo kumpata mmoja si sababu ya kuacha kuangalia nyuzi.

Halafu kuna mnyauko bakteria, ambao Kenya ulithibitishwa upande wa magharibi mwaka 2006, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001. Huu lazima utenganishwe na fuzari, kwa kuwa matibabu ya shamba ni tofauti. Subiri dakika chache baada ya kukata: ukiona ute wa krimu au wa manjano unatoka kwenye jeraha, hao ni bakteria. Ukiwa na shaka, ning'iniza kipande chembamba cha shina ndani ya glasi ya maji safi, kiguse maji tu. Bakteria watashuka kama moshi mweupe. Fuzari haitoi kitu. Kisha pasua ndizi. Mnyauko bakteria huivisha ndizi kabla ya wakati, moja moja bila mpango, na ndani ya tunda huwa kuna doa la kutu. Kwenye fuzari tunda linaweza kuwa dogo na mkungu ukadumaa, lakini nyama yake haina doa. Tofauti hiyo moja imeokoa mashamba.

"Mwezi uliopita ulikuwa mzima. Imekuwaje?"

Mama mmoja mkulima aliniuliza hivyo akiwa ameshika kipande cha shina chenye nyuzi nyekundu. "Mwanangu, mgomba huu nilivuna mkungu mwaka jana, haukuwa na kitu. Ugonjwa umetoka wapi?" Nilimjibu: "Mama, haukuja juzi. Ulikuwamo ardhini, umelala." Jibu hilo ni la kweli lakini ni fupi mno, na swali lake linastahili jibu refu.

Kuvu hii huacha udongoni mbegu zenye ganda nene, klamidospora, ambazo huweza kukaa miaka zaidi ya ishirini bila mgomba wowote. Ikiwa katika hali hiyo haina sababu ya kutengeneza silaha. Kila seli yake ina jeni zaidi ya elfu kumi, lakini seli haizisomi zote kwa wakati mmoja. Jeni ikiwashwa, maagizo yake hunakiliwa kwenye RNA na kutoka hapo hutengenezwa protini. Ikizimwa, iko pale pale, imenyamaza. Uchaguzi wa ipi iwashwe, lini na kwa kiasi gani ndio udhibiti wa jeni, na kwa fuzari ndio unaotofautisha kuvu inayokula masalia ya majani na kuvu inayoua mgomba.

Mizizi inapokua hutoa sukari, asidi na vimeng'enya kwenye udongo unaoizunguka. Klamidospora huamka. Kwenye mnyanya, ambako ndugu ya kuvu hii amechunguzwa kwa muda mrefu zaidi, imeonekana kwamba nyuzi za kuvu hukua kuelekea peroksidezi zinazotolewa na mizizi. Yaani kimeng'enya ambacho mmea hukitumia kwa kazi zake ndicho kinachomwonyesha adui njia. Kuvu ikishagusa mzizi, ishara hupita kutoka ukuta wa seli hadi kwenye kiini kupitia msururu wa protini zinazoamshana, mmojawapo ikiwa Fmk1, na kundi jipya la jeni huanza kusomwa.

Kundi linalojulikana zaidi ni jeni za SIX. Protini zake ziligunduliwa kwa mara ya kwanza ndani ya maji ya mishipa ya mnyanya mgonjwa. Ni protini ndogo ambazo kuvu huzitema ndani ya mmea ili kuvuruga ulinzi wake. Kuvu ikikuzwa peke yake kwenye sahani ya maabara, jeni hizi huwa kimya au karibu na kimya. Ikiingia mzizini, huwaka. Kinachoziwasha ni protini nyingine zinazosimamia usomaji wa jeni, na mbili ni muhimu sana: SGE1 na FTF1. Watafiti wakiiharibu SGE1, kuvu huendelea kukua vizuri tu, lakini nguvu yake ya kuutia mmea ugonjwa hupotea, kwa sababu jeni za SIX hazipati wa kuziamsha. Imeonekana hivyo kwenye kuvu ya mnyanya, na SGE1 imethibitishwa kuhitajika pia kwenye kuvu inayoshambulia ndizi.

Sehemu inayonishangaza zaidi ni mahali jeni hizi zinapokaa. Nyingi haziko kwenye kromosomu za kawaida za kuvu, zile nyuzi zinazobeba jeni, bali kwenye vipande vya ziada, ambavyo kuvu inaweza kuishi bila kuwa navyo. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba kuvu isiyo na madhara kwa mnyanya, ikihamishiwa kromosomu ya ziada kutoka kwa kuvu inayoua mnyanya, nayo hugeuka kuwa adui. Vipande hivyo hubeba kwa wingi alama ya kemikali kwenye histoni, zile protini ambazo DNA huzungushiwa, na alama hiyo hukaza DNA isisomeke kirahisi. Silaha zipo, ila zimefungwa hadi wakati wake.

Kuanzia mzizi kuingiliwa hadi jani la kwanza kuwa manjano hupita wiki kadhaa hadi miezi, kutegemea umri wa mgomba, joto na kiasi cha kuvu udongoni. Muda wote huo mgomba ulikuwa mgonjwa na macho hayakuwa na cha kuona.

Kwa nini jani linyauke ilhali kuvu iko chini?

Kwa sababu mbili zinazofanya kazi pamoja. Kwanza, mishipa huziba. Kuvu hupanda nayo, spora zake ndogo, yaani mbegu zake, hubebwa na maji, na mgomba wenyewe, katika kujitetea, hujaza mishipa yake utomvu na vivimbe ili kuizuia kuvu isipande. Mgomba ukijitetea mapema na kwa nguvu, hufaulu. Ukichelewa, huzuia maji yake wenyewe ilhali kuvu imeshapita. Majani makongwe hulipa kwanza.

Pili, sumu. Kuvu hutengeneza asidi ya fuzari kwa kutumia kundi la jeni zilizopangwa pamoja kwenye kromosomu, ziitwazo FUB, ambazo ndani yake mna jeni inayosimamia nyingine, FUB10. Hiyo ikizimwa, utengenezaji wa sumu hushuka. Asidi hii huharibu utando wa seli na kuvuruga mitokondria, vinu vya nishati vya seli, jani likashindwa kutunza maji hata hayo machache yanayolifikia. Jeni za FUB zilipoondolewa kwenye TR4, ile mbari kali ya kuvu nitakayoieleza hapa chini, uwezo wake wa kuutia mgomba ugonjwa ulipungua.

Kwa hiyo kumwagilia zaidi hakusaidii. Nimeona watu wakiongeza maji kwa nia njema kabisa, na maji hayo yakibeba spora hadi kwenye shimo linalofuata.

Kisukari chanyauka, mkono wa tembo jirani yake hauna neno

Hii ni dalili yenye habari nyingi, usiipite. Kuvu ya fuzari ya ndizi hugawanywa kwa mbari kulingana na aina za ndizi inazoweza kuua. Mbari ya 1, ambayo iko Kenya, huua Gros Michel, ndizi iitwayo Kampala na wengi nchini, pamoja na ndizi za jamii ya kisukari. Mbari ya 2 hushambulia jamii ya Bluggoe, ambayo sehemu nyingi za pwani yetu huitwa bokoboko. Cavendish, kama vile Grand Nain, Williams na zile fupi, husimama mbele ya mbari ya 1, na ndizi za kupika za jamii ya mkono wa tembo kwa kawaida nazo husimama. Shamba likiwa na mchanganyiko, na wanaokufa ni kisukari peke yake, mgomba wenyewe umekupa nusu ya majibu.

Kinachotofautisha ni utambuzi. Mgomba una jeni za ulinzi zinazotengeneza protini za kumtambua mvamizi. Akitambuliwa mapema, seli huwasha jeni za kujikinga kabla kuvu haijafika kwenye mishipa. Asipotambuliwa, jeni hizohizo huwashwa kwa kuchelewa.

Mfano ulio wazi ni jeni iitwayo RGA2. Ilitolewa kwenye ndizi mwitu ya Asia na watafiti wa Australia wakiongozwa na James Dale wa Queensland University of Technology, wakaiweka kwenye Cavendish. Matokeo yao ya shambani yalichapishwa mwaka 2017: Cavendish iliyopewa jeni hiyo ilisimama dhidi ya TR4. Jambo la kushika ni kwamba Cavendish ya kawaida tayari inayo jeni inayofanana na hiyo. Inayo, lakini imewashwa kwa unyonge. Kwenye ukoo wa migomba iliyopewa jeni hiyo uliosimama imara zaidi, usomaji wa RGA2 ulikuwa takriban mara kumi zaidi. Mgomba haukukosa silaha, ulikosa sauti ya kuamrisha silaha itoke. Mwaka 2024 Australia iliidhinisha ndizi hiyo, QCAV-4.

Njia nyingine ni kumnyamazisha adui badala ya kuuamsha mgomba. India, mwaka 2014, migomba ya aina ya Rasthali ilitengenezwa itoe vipande vya RNA vinavyozima jeni mbili za kuvu, moja ikiwa hiyo FTF1, na ikasimama dhidi ya ugonjwa. Hakuna kati ya hizi unayoweza kuipata sokoni Malindi leo. Ninazitaja kwa sababu zinathibitisha kwamba ugonjwa huu husukumwa na jeni zinazowashwa na kuzimwa, na aliyeshika swichi ndiye anayeshinda.

Nimepanda miche ya maabara na bado imekufa

Miche ya maabara ni safi, maana yake haikuja na ugonjwa. Si kinga. Ukiipanda kwenye udongo wenye klamidospora, itaambukizwa kama chipukizi lolote, na utafiti umeonyesha kwamba mara nyingine huumia zaidi, kwa kuwa imelelewa bila vijidudu rafiki wanaoishi ndani ya mmea na kuusaidia. Kama aina uliyonunua ni kisukari na shamba lilikuwa na fuzari, hasara hiyo ilipandwa siku ya kuchimba shimo.

Machipukizi ya shambani ni hatari zaidi. Chipukizi lililo chini ya miezi minne mara chache huonyesha dalili hata kama mama yake ameshaambukizwa. Lori likitoka Mpeketoni na machipukizi mia kuja Malindi, au bodaboda ikivuka kutoka Jilore na matatu nyuma ya kiti, hakuna jicho linaloweza kusema yapi ni salama. Na udongo ulioganda kwenye mizizi yake ni mzigo wa pili.

Nimepiga dawa, haijasaidia

Hapa nitasema bila kuzunguka: hakuna dawa ya kuvu ya kunyunyizia inayoponya mgomba wenye fuzari shambani. Kuvu iko ndani ya mishipa, akiba yake iko udongoni na ganda nene, na dalili zinapoonekana zile jeni zimeshafanya kazi yao. Anayekuuzia chupa na kukuahidi mgomba utarudi, anachukua pesa ya miche yako ya msimu ujao. Inaniuma kila ninapoona mzee mwenye ekari moja akinunua chupa ya tatu.

Je, mbolea ndiyo iliyouamsha ugonjwa?

Swali zuri, na jibu lake ni la kutahadhari. Kwenye mnyanya imeonyeshwa mwaka 2016 kwamba kuvu hutema peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, inayoiga homoni ya mmea, udongo unaouzunguka mzizi ukapungua asidi, na mabadiliko hayo yakaamsha Fmk1, yaani ule msururu wa kuingia. Imeonyeshwa pia kwamba amonia ikiwa nyingi, kuvu huzima baadhi ya kazi zake za uvamizi. Mtu akisoma hayo tu, ataongeza mbolea ya amonia na kuufanya udongo uwe na asidi ili kuizima kuvu. Usifanye hivyo. Uzoefu wa mashambani kwa mazao mengi ni kinyume: udongo wenye asidi na mbolea ya amonia huzidisha mnyauko fuzari, na chokaa pamoja na nitrojeni ya naitreti huupunguza. Kinachotokea milimita moja kutoka kwenye mzizi si kinachotokea kwenye shamba zima lenye vijidudu vingine maelfu. Pima asidi ya udongo wako, na weka samadi iliyooza vizuri. Lakini usitarajie mbolea ifute ugonjwa ulioko.

Wanaokufa ni Cavendish

Hii ndiyo dalili ya kupiga simu siku hiyohiyo. Cavendish yenye nyuzi nyekundu ndani, kwenye joto letu la pwani, bila mafuriko wala baridi ya kuidhoofisha, ni lazima ichunguzwe kwa ajili ya mbari ya 4 ya tropiki, TR4. Mbari hii iliripotiwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013, na Colombia mwaka 2019. Gros Michel ilipoangamizwa na mbari ya 1 katika biashara ya dunia hadi miaka ya 1950, Cavendish ndiyo iliyochukua nafasi. Cavendish ikiondoka, hakuna inayosubiri mlangoni.

Wengi hudhani TR4 ni ile mbari ya zamani iliyoongezeka ukali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 na kundi la Li-Jun Ma wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, uliolinganisha jenomu, yaani jumla ya DNA, za kuvu 36, ulionyesha kwamba TR4 haikutokana na ile iliyoua Gros Michel. Ina vipande vyake vya ziada, na ndani yake mna jeni zinazohusika na kutengeneza oksidi ya nitriki, gesi inayoushtua mgomba na kuuvuruga, pamoja na jeni za kuikinga kuvu yenyewe na gesi hiyo. Jeni mbili zinazosimamia utengenezaji huo zilipoondolewa, ukali wa TR4 ulishuka sana. Jeni ya SIX1 nayo, ilipoondolewa kwenye TR4 katika utafiti wa mwaka 2018, ugonjwa kwenye Cavendish ulipungua.

Kwa jicho huwezi kutofautisha mbari ya 1 na TR4. Nyuzi ni zilezile. Maabara hutofautisha kwa kutafuta vipande maalumu vya DNA, na ndiyo sababu ya kupeleka sampuli badala ya kukisia.

Umeshathibitisha nyuzi nyekundu: fanya nini

Simamisha mwendo wa udongo kwanza. Zungushia mgomba mgonjwa na majirani zake wa karibu uzio, hata wa makuti na kamba, watu na mbuzi wasipite. Funga mfereji unaopita hapo. Usiburute shina kuvuka shamba, usilipe ng'ombe, usilitie kwenye lundo la mboji. Liangamize papo hapo lilipoota, pamoja na tunguu lake. Jembe na panga vilivyotumika hapo visitoke kabla ya kusuguliwa hadi udongo wote uondoke, kisha ndipo vitiwe dawa ya kuua vimelea. Dawa ikikutana na tope, spora zilizomo ndani hubaki salama. Viatu ni vivyo hivyo.

Usirudishe kisukari wala Kampala kwenye shimo hilo. Panda mahindi, mihogo au mkono wa tembo, na palilia, kwa kuwa baadhi ya magugu hubeba kuvu hii mizizini bila kuonyesha dalili. Walio bondeni mwa Sabaki wana ugumu zaidi, maana mto ukifurika hauulizi mpaka wa shamba. Kwao kisukari kipandwe juu, mbali na mkondo, na bonde liachiwe ndizi zinazostahimili.

Sampuli ichukuliwe kwa mgomba ambao bado una majani mabichi. Kata kipande cha shina chenye nyuzi nyekundu, toa nyuzi hizo kwa kisu safi, zikaushe kivulini kati ya karatasi, kisha uziweke kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki huozesha kila kitu njiani. Usitume udongo. Juu ya bahasha andika aina ya ndizi, kijiji, tarehe, miche ilitoka wapi na migomba mingapi imenyauka. Mpe afisa wa kilimo wa wadi yako, au ipeleke KALRO Mtwapa, kituo cha utafiti wa kilimo, na kama ni Cavendish mwambie wazi kwamba unataka KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea nchini, waarifiwe.